Kimeo Kilichoota Tena

Kamwene, ndugu zangu wa jumuiya. Leo mnivumilie, maana sikuja na furaha nyingi.

Ule msimu wa kupukuchua mahindi, binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia. Alikuwa akicheza juu ya rundo la mahindi uani, akapaliwa. Akatoa macho. Nikampigapiga mgongoni, akanyamaza, nikaendelea na kazi. Baada ya hapo kikohozi hakikuisha.

Zahanati nikasema anakohoa, wakampa dawa ya kikohozi. Nikarudi na neno lilelile, wakampima kifua kikuu, hawakuona kitu. Nyumbani wakasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nanyi mnajua hapa Igowole, mtoto akikohoa sana lazima kimeo kilaumiwe. Fundi wa kukata vimeo akakikata. Kikohozi kikabaki palepale. Fundi akasema kimeota tena, akakata tena. Mtoto akawa hamezi hata uji.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikata tamaa. Wenzake walishonewa sare za chekechea, mimi nikasema za nini. Nilikuwa nasali afe usingizini, asife akihangaika. Mnisamehe, lakini ndivyo nilivyosali.

Tukapewa rufaa kwenda Mbeya. Kule walikaa pamoja kwa ajili yake: daktari wa watoto, wa koo, wa picha, muuguzi, na mama wa lishe. Nikaanza wimbo wangu, anakohoa, anakohoa. Daktari wa watoto akanikatiza kwa upole.

"Mama, siku ile ya kwanza kabisa, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anachezea mahindi. Akapaliwa."

Wakaangaliana. Wa picha akairudia picha yake, wa koo akasema lazima aingie kuangalia. Wakamlaza kwa dawa, wakashusha mpira wenye kamera hadi pafuni, wakatoa punje ya hindi, nyeusi, imeoza.

Sitawadanganya kwamba amepona. Pafu la kulia, huku chini, limeshaharibika, na baridi yetu hii itamtesa siku zote. Mama wa lishe bado hunipigia simu kuuliza amekula nini. Nawashukuru wale wote, na ninyi mliopokezana nami wodini.

Mtoto akipaliwa, hata akinyamaza, ukifika hospitali anza na hilo. Sema amepaliwa. Mimi nilisema anakohoa, anakohoa, na pafu likaoza nikiwa nasema.

Huyo mnayemsikia hapo nje ndiye yeye. Akikohoa, mwacheni. Mimi hushtuka akinyamaza.