Wembe, Fundi wa Sauti Aliyejibu Kila Barua

Marehemu, ambaye hata mama yake aliishia kumwita Wembe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alipokuwa na miaka sita aliifungua redio ya baba ili amtoe mtangazaji. Mtangazaji hakupatikana, na zilibaki skrubu nne zisizojua kwao.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari hadi 1986. Mengine alijifunzia kwenye benchi la kaka yake mkubwa, fundi redio, enzi ambazo kitu kikiharibika kilifunguliwa, hakikutupwa.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika studio ya redio. Alikata kanda kwa wembe na kuziunga kwa utepe wa gundi, na jina lake lilitoka hapo. Kompyuta zilipozifukuza kanda, alijifundisha kuandika programu. Mwaka 2003 alitoa ya kwake ya kurekodi na kuhariri sauti: programu huria, bure kwa kila mtu, na ndani yake wazi kwa yeyote anayetaka kuirekebisha. Kila asubuhi alijibu kwanza barua pepe za waliokwama, ndipo alipogusa kazi yake.

Mwaka 2009 alikosea. Alitoa toleo jipya, safi, lenye vitufe vichache, vyote vya kubofya kwa kipanya tu. Mwalimu mmoja wa muziki, asiyeona, aliyeizoea programu hiyo kwa kibodi, alimwandikia: "Umeipaka nyumba rangi, ukaziba mlango wangu." Wenzake walimwambia mtu mmoja si hoja. Yeye alitumia miezi saba kuufungua mlango huo, akimpigia mwalimu simu kila hatua.

Yeye na mwalimu huyo walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 2011. "Mimi nilikuja kulalamika," mkewe aliwaambia wageni siku hiyo, "nikaambiwa nikae." Walijaliwa binti mmoja.

Mei 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo, na Januari iliyofuata alipoteza sauti. Wakati huo alikuwa akiiunda upya programu nzima, kazi aliyoiwaza miaka kumi. Nguvu zilimtosha saa moja kwa siku, na saa hiyo aliimaliza kwenye barua. Kaka yake alimkemea.

"Wewe, hao watu hata hawakujui. Maliza kazi yako. Siku hizi aliyekwama anajibiwa na mashine, na hakuna anayeshangaa."

Wembe aliandika kwenye daftari: "Kaka, kazi inaweza kungoja. Huyu amekwama leo." Chini yake akaongeza: "Na wewe nenda kale. Ukiwa na njaa unafoka."

Kazi ile haikumalizika. Alifariki hospitalini tarehe 19 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Barua ya mwisho aliyoijibu, siku tatu kabla, ilitoka kwa mtu aliyetaka kuondoa kikohozi cha marehemu baba yake katikati ya hadithi iliyorekodiwa. Wembe alimweleza hatua zote tano. Kisha akaandika: "Lakini weka nakala yenye kikohozi. Iko siku utakitafuta."

Ameacha mjane, binti, dada, kaka, na watu wengi tusiowajua ambao bado wanasubiri jibu. Kaka yake amezisikiliza rekodi zote zilizobaki nyumbani. Sauti za watu zimo. Ya kwake mwenyewe, Wembe aliikata kila mahali.

Apumzike kwa amani, msikilizaji wetu.