Erasmo Nandonde, Aliyetutunzia Moto na Jua

Stefano, mwana wa marehemu, ana vyeti na kompyuta, lakini karatasi hii ya wasifu wa baba yake kaniletea mimi shangazi yake niliyeishia darasa la pili. Ati mimi ndiye niliyemjua tangu mwanzo. Haya. Atakayepiga chapa asinipunguzie neno.

Marehemu Erasmo Benjamini Nandonde alizaliwa tarehe 8 Juni 1953 hapa Mbawala Juu, Mtama, mtoto wa pili wa mzee Benjamini na mama Devota. Mimi Anjelina nilimtangulia miaka minne na nikambeba mgongoni, kwa hiyo sikumwogopa hata alipoota mvi.

Alisoma shule ya msingi Mtama kuanzia 1962 hadi 1968. Watoto wakiagizwa kuni za mwalimu, yeye alipeleka matawi makavu ya mikorosho. Wenzake walimcheka, wakasema hivyo ni vijiti vya kuchokolea meno.

Mwaka 1974 alikwenda Lindi mjini kuendesha mashine ya dizeli ya kusaga nafaka. Dizeli ikikosekana, kina mama waliketi na ndoo zao za mahindi hata siku mbili. Aliniambia, "Dada, ufunguo wa mashine ninao mfukoni, na sina la kuwaambia." Jambo hilo halikumtoka.

Mmoja wa kina mama wale alikuwa Helena, aliyemuuliza kama mashine yake inasaga mahindi au inasaga watu. Walifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1979, wakajaliwa Stefano, Grace na Yohana.

Alirudi shambani mwaka 1986. Sisi tulikuwa tukipogolea mikorosho, tunachoma matawi palepale, kisha tunaingia msitu wa kijiji kukata kuni. Yeye alifunga matawi mizigo mizigo, akayapanga bandani, akafinyanga majiko ya udongo ya kuyachomea. Nilimwita mwendawazimu mbele ya wakwe zake. Mwaka 2011 akaanza kwenda ofisi za serikali, mara thelathini na moja, na shati lake jeupe lilelile, akidai zahanati ipate sola na betri zake ziingizwe kwenye bajeti ya kijiji, zisije zikafa zikasahauliwa. Ofisa mmoja alimwambia avumilie, nguzo za umeme zinakuja. Akamjibu, "Zije, mwanangu. Mimi naulizia mzazi anayejifungua gizani leo." Sola ilifungwa mwaka 2017.

Mwaka uliofuata walikuja wageni kutazama majiko yake. Mimi, kwa kutaka jiko la ndugu yangu liwake kuliko yote, nikasukumia ndani maganda ya korosho. Kila mtu wa huku anajua mafuta ya ganda yanavyowasha, nami nilijua. Moshi uliwatoa wageni mbio, macho yanachuruzika. Erasmo hakunitaja. Akawaambia, "Hilo ndilo tunalokataza. Sasa twendeni kwenye tunalofundisha." Leo nakiri, nilikuwa mimi.

Mei 2024 mvua zilipokata barabara ya Dar huko Kilwa, gesi iliisha madukani, na umeme, maana nguzo zilikuwa zimeshafika, ukazimika. Kijiji kizima tulipikia matawi. Saida, binti wa jirani yetu Majid, alijifungua mapacha zahanati, taa zinawaka kama za harusini. Nilimwendea Erasmo, yule mtoto niliyembeba mgongoni, nikalifuta neno langu la wendawazimu. Mimi, nisiyefuta neno.

Tarehe 3 Novemba 2025 kiharusi kilimchukua upande wa kulia na usemi wake. Siku hizohizo mfanyabiashara wa mkaa akaomba kukata msitu wetu. Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa tarehe 17 Januari 2026 kuamua, na Erasmo akabebwa pamoja na kiti chake. Akidi haikutimia. Tulipungua watu kumi na wanne. Wengine mlikuwa mnadani. Mwenyekiti akaahirisha, watu wakatawanyika, lakini Erasmo akakataa kubebwa. Alikaa pale kiwanjani mpaka jua likazama, akimtazama kila apitaye. Neno hana, na hakuna aliyethubutu kumpita bila kumpa shikamoo. Waliotoka mnadani walishuka kwenye pikipiki, wakapita wakizikokota. Nimeishi miaka mingi, sijaona kitu kama kile.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Februari 2026, Helena kamshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa, na mimi dada yake. Mungu ampe mapumziko aliyoyakataa alipokuwa hai.

Mkutano umeitishwa tena Jumamosi, tarehe 21 Februari, saa nne asubuhi, kiwanja cha shule. Mliotoka mbali, asanteni, mrudi salama. Ninyi wa Mbawala Juu nimewahesabu hapa matangani: mnatosha akidi na mnabaki. Kwa hiyo msinipe mkono wa pole leo. Njooni Jumamosi, mkae mpaka kura ipigwe, pole zenu nitazipokea huko.