Njia ya Nane

Sogeeni wanangu, mnisikilize, na wewe kifungua mimba zima hiyo redio. Nyumba ni yenu wote watatu, gitaa langu la besi achukue kitinda mimba, na hayo sitaki yajadiliwe. Linaloninyima raha ni ule mkanda ulio kabatini chini ya mashuka, ambao Jumamosi binti wa marehemu mwimbaji wetu anakuja kuusikiliza.

Mmekua mkisikia jinsi bendi yetu ya roki ilivyotamba, na jinsi wimbo wetu wa mwisho ulivyokosa kutoka kwa sababu mpiga gitaa aliuficha mkanda. Nilimsingizia. Alikana mpaka anaingia kaburini, hakuna aliyemwamini, na mimi nikaenda kumzika, nikashika koleo kama mtu safi.

Mkanda wetu ulikuwa na njia nane za sauti, na kwa mazoea yetu, njia ya nane tuliiacha tupu, ya kurekebishia makosa. Sauti ya mwimbaji ilizoea kurekodiwa kwenye ya nne. Siku hiyo aliniambia mbele ya wenzangu kwamba besi langu linaburuta miguu, nikasusa, nikaondoka zangu. Huku nyuma njia ya nne ikaanza kukwaruza, fundi akamhamishia ya nane, akaimba mara moja tu, na waliokuwepo walisema hajawahi kuimba vile. Asubuhi nikafika peke yangu, bado nimevimba kwa hasira, nataka ajue mimi ni nani. Fundi alikuwa ameandika karatasi kwamba sauti imehamia ya nane, iko palepale mezani, sikuisoma. Nikarekodi besi kwenye njia ya nane mwanzo mpaka mwisho, na nilipiga vizuri, wanangu, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mchana ule gari likamgonga mwimbaji wetu akija studio, akafa. Nilipousikiliza mkanda nikaelewa nimemfuta, nikauficha.

Kaseti nyingine binti anazo zote. Wimbo huu baba yake aliutunga binti akiwa bado tumboni, na maneno hakuyaandika popote, aliyabeba kichwani. Juzi nilimpigia simu nikamwambia mkanda ninao. Akalia kwa furaha, akanishukuru, akaniita baba. Nikashindwa kumalizia.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Kama Jumamosi sitaifikia, mwambieni ninyi. Msinitetee, wala msimwombe anisamehe. Kawaombeni radhi na watoto wa mpiga gitaa. Mungu awape mioyo mipana kuliko wangu, mpendane, mkikosana msilale na hasira... mkono wangu uko juu yenu wote.

Mwacheni asikilize peke yake. Baba yake ndiye aliyetuhesabia tulipoanza kurekodi ala, sauti ikaingia kwenye maikrofoni ya ngoma, njia ambayo sikuigusa. Ipo. "Jamani, msikimbie. Moja, mbili, tatu." Hiyo tu... Baada ya hapo ni mimi, mpaka mwisho.