Nilisoma kwa Jina la Emiliana

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mkiniona natetemeka hapa mbele msidhani nimeshukiwa na Roho. Ni woga. Woga ndio uliokaa na mimi tangu nina miaka kumi na minne, na leo nimekuja kuwaambia jinsi Mungu alivyonitoa mikononi mwa woga huo.

Mimi mnanifahamu. Ni Yustina, Mama Neema wa Nangara, yule anayechelewa mazoezi ya kwaya kwa sababu ya umbea njiani. Mnajua naongea sana. Lakini kuna jambo moja sikulisema hapa kanisani hata siku moja.

Mnakumbuka mwaka juzi Mchungaji alinisimamisha hapa hapa nilipojiunga na chuo cha uuguzi. Mama wa watoto watatu anarudi shule! Mkanishangilia, wengine mkaniletea madaftari. Kina mama wakaninong'oneza, "Usiogope, umri si kitu, hao vijana watakuzoea." Ndugu zangu, mimi vijana sikuwaogopa hata kidogo! Walikuwa wazuri mno kwangu, wananiita bimkubwa, wananiwekea kiti cha mbele. Nilichoogopa ni jina. Pale chuoni hakukuwa na mwanafunzi anayeitwa Yustina. Kulikuwa na Emiliana Bura, na huyo Emiliana ndiye mimi.

Nirudi nyuma mnielewe.

Nilipomaliza darasa la saba huko kwetu Mutuka, nilifeli. Hesabu ndiyo iliyonizika. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na binti wa rika langu, shule nyingine, simfahamu, anaitwa Emiliana. Yeye alichaguliwa kwenda sekondari, lakini baba yake hakutaka kusomesha mtoto wa kike. Basi wazee wawili, baba yangu na baba yake, wakakaa, wakanywa, wakaelewana. Mbuzi wawili wakavuka bonde kwenda kwao, jina likavuka kuja kwetu. Baba akaniita akaniambia, "Mwenyewe hataki shule. Kuanzia leo wewe ndiye Emiliana. Ukijisahau hata mara moja, mimi nafungwa." Mtoto wa miaka kumi na minne anaambiwa hivyo na baba yake! Nikaingia kidato cha kwanza na hofu hiyo tumboni.

Siku ya kwanza mwalimu aliita jina hilo mara tatu, mimi nimekaa mbele yake namtazama tu. Akadhani mimi ni kiziwi. Nikajifunza kuitika. Nikipata homa niliogopa kuweweseka nisije nikataja jina langu la kweli mbele za watu. Miaka minne hiyo! Nikafaulu vizuri tu, tena masomo ya sayansi, ila sikuthubutu kuendelea mbele. Nikaolewa, nikapata kazi ya usafi kwenye zahanati ya mtu binafsi hapa mjini. Fagio na deki haviulizi cheti.

Sista wa pale zahanati aliona ninavyowashika wagonjwa, akawa ananisukuma. "Mama Neema, wewe ni nesi wewe! Cheti cha fomu foo unacho, unasubiri nini?" Kila mwaka nilimpa sababu mpya. Mara mtoto ananyonya, mara mahindi hayajavunwa. Kumbe sababu ilikuwa moja tu. Halafu tamaa ya kuvaa lile gauni jeupe ikanizidi nguvu. Nikaomba chuo kwa cheti kile kile, nikachaguliwa. Nikajidanganya moyoni kwamba Mungu asipotaka atafunga mlango mwenyewe.

Ndugu zangu, sikupumua! Babati hii ni ndogo, mnaijua. Siku moja niko sokoni na wanachuo wenzangu, mama mmoja wa kanisa letu akaniita kwa sauti, "Yustinaaa!" Wenzangu wakageuka. Nikawaambia Yustina ni jina langu la ubatizo. Uongo juu ya uongo, hata ubatizo nikausingizia! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na huko kurefuka ndiko kulikonitesa.

Mwaka wa pili likabandikwa tangazo. Kila mwanafunzi alete kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, majina yalingane na cheti cha kidato cha nne. Vya kwangu vyote viwili vinasema Yustina. Mume wangu, Baba Neema, ambaye siri yangu aliijua tangu uchumba, akasema jambo dogo hilo. Tunakwenda kwa wakili, naapa kwamba Yustina na Emiliana ni mtu mmoja, mhuri unagongwa, kwisha. Na kweli watu wanafanya, wale ambao majina yao yaliandikwa tofauti. Lakini wao wanaapa kweli. Tukapanga Ijumaa.

Sasa sikieni mambo ya Mungu. Jumatatu ya wiki ile ile nilikuwa hospitali kwa mazoezi, nimepangwa chumba cha vidonda. Akaingia mwanamke wa rika langu, mkono wa kushoto umezungushiwa kitenge chenye damu. Alijikata na mundu akikata majani ya ng'ombe. Nikamkalisha, nikaanza kusafisha kidonda. Yeye badala ya kutazama kidonda anatazama beji yangu kifuani. Akaisoma kwa sauti, wala hakukwama. Akacheka.

"He! Wajina! Mpaka la baba? Emiliana Bura ni mimi, wa Mutuka. Sasa wewe dada wa wapi?"

Nikainama kwenye kidonda. Nikamwambia mimi ni wa Mbulu, Bura huko wamejaa. Hofu yote hiyo, na mdomo bado unadanganya! Nikamfunga bandeji haraka haraka, nikamwambia arudi kesho. Alipotoka nikaenda chooni nikakaa mpaka wakaja kunigongea.

Akarudi Jumanne. Akarudi Jumatano. Beji nikaigeuza, lakini yeye tayari ameshanipenda kwa ajili ya jina. Akawa ananisimulia. "Mimi wajina, darasani nilikuwa na akili balaa. Hesabu nilikuwa wa kwanza. Ila jina langu halikutoka. Baba alikwenda mpaka wilayani kuuliza, akaambiwa nafasi zimejaa."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo si wewe uliyekataa shule?"

"Nikatae? Mimi? Nililia mpaka mama akadhani nimerogwa."

Ndugu zangu, mnanisikia? Miaka yote hiyo nilijiona nimeokota kitu kilichotupwa. Baba yangu aliambiwa mtoto hataki, akaamini au alijifanya kuamini, sijui, amekwisha kufa. Kumbe mtoto alitaka! Alikuwa amekaa ng'ambo ya bonde anasubiri jina lake, na mimi niko darasani naitika. Na sasa nimeshika mkono wake, mkono umejaa sugu za jembe, ananiambia asante wajina, una mkono mwepesi. Nilimwogopa yule mama kuliko polisi.

Ijumaa ikafika. Tukakaa mbele ya wakili, Biblia iko mezani, karatasi imeshachapwa. Akanisomea. Naapa kwamba majina haya yote mawili ni yangu. Kalamu nimeishika tu. Baba Neema ananigusa na kiwiko. "Saini, mama." Nikasema siwezi. Mwenye jina ana kidonda, na mimi ndiye ninayemfunga. Wakili akatutazama, akaifunga Biblia yake, akatuambia twende tukaongee nyumbani kwanza.

Njiani Baba Neema alinifokea, na simlaumu, na yeye alikuwa anaogopa. "Unataka kufungwa? Hao watoto atawalea nani?" Nililia barabarani nimejifunika khanga, watu wa bodaboda wanatutazama.

Jumapili ile nilikaa benchi la nyuma kabisa, pale karibu na mlango. Sikuomba kwa imani, msije mkanisifu bure. Niliomba kwa hofu. Nikamwambia Mungu, miaka yote nimekuomba unifiche, na nimechoka kujificha. Sikusikia sauti, sikuona nuru. Nilijua tu kwamba kesho Emiliana atakuja kubadilishiwa bandeji, na kwamba nitamwambia.

Na nikamwambia. Nilianza nikiwa nasafisha kidonda, kwa sababu nikimtazama usoni nisingeweza. Nikamweleza habari za wazee wawili, mbuzi wawili, miaka minne ya kuitika jina lake. Nilipofika mwisho aliuvuta mkono wake taratibu, bandeji inaning'inia nusu, akasimama, akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikaogopa kumgusa, nikamwona anavuka uwanja wa hospitali na ile bandeji inaburuza.

Nikajua nikisubiri hata mpaka jioni nitabadilisha mawazo. Nikaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa chuo, nikavua beji, nikaiweka mezani kwake. Akaniuliza, "Mama, unajua unachokisema?" Nikamjibu shikamoo. Jamani, akili ilikuwa imeruka!

Nikaandikishwa maelezo. Nikasimamishwa chuo, cheti kikachukuliwa. Nikaambiwa mwenye jina ataitwa, na akitaka kushtaki, basi ni mahakamani. Nikasubiri wiki saba. Wiki saba, ndugu zangu! Kila pikipiki iliyosimama getini nilidhani ni askari. Nilifunga na kuomba, lakini nusu ya kufunga huko ilikuwa woga tu. Nilimfundisha Neema kupika ugali wa watu watano na mahali ninapoweka chumvi, bila kumwambia ni kwa nini. Yeye akafurahi akidhani anakua.

Siku moja nikaitwa. Baba Neema alinishika mkono mpaka ofisini. Mkuu wa chuo akasema Emiliana alikuja, akakataa kuandikiwa, akaandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe kurasa mbili. Akanisomea mwisho wake. Aliandika kwamba mimi nilikuwa mtoto kama yeye, na wazee waliouziana nafasi yake wote wawili wako kaburini, na kunifunga hakutamrudisha darasani. Ila anataka nitoke kwenye jina lake, na nitoke mara moja.

Wakubwa wakaamua shauri liishie hapo. Cheti kikafutwa. Nikatoka nje sina chuo, sina kidato cha nne, nimerudi kuwa mtu wa darasa la saba nikiwa na miaka thelathini na minane. Nikasimama barabarani nisubiri kulia. Kilio hakikuja! Mtu mmoja akaita "Yustina!" kutoka ng'ambo ya barabara, mimi nikageuka bila kuangalia kwanza nani yuko karibu nami. Hapo ndipo nilipojua kwamba Bwana amenifungua.

Sasa hivi nasoma madarasa ya watu wazima hapa mjini, naanza upya. Nikijaliwa kufika huko kwenye unesi nitakuwa na mvi. Na hesabu bado naziogopa, sitawadanganya, zile za herufi ndiyo kabisa. Lakini woga huo ni wa halali, nauleta mezani mbele za watu na mwalimu ananicheka.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru Baba Neema, aliyenifokea na bado akanishika mkono. Na wewe uliyekaa hapa leo, unayejijua peke yako, uliyekalia nafasi ya mtu, cheti cha mtu, shamba la mtu, na kila mlango ukigongwa unashtuka, nakuomba umwamini Mungu hata ukiwa unaogopa. Mimi sikungoja woga uishe. Ungeisha lini? Nenda nao hivyo hivyo kwa uliyemkosea, na Bwana atakupokea ng'ambo.

Namalizia, maana mzee wa kanisa anatazama saa. Mimi na Emiliana hatukuwa marafiki baada ya pale. Tulisalimiana kwa mbali, na nilijua sina haki ya kudai zaidi. Wiki mbili zilizopita akaja getini kwangu. Hakuingia, chai hakutaka. Mkono umepona, una kovu refu. Akauliza kitu kimoja tu, kama lile darasa langu bado linapokea watu.

Juzi tumekwenda wote akaandikishwa. Njia nzima ya kwenda hakuongea, na mimi na mdomo wangu huu nilinyamaza. Tulipotoka, akasimama, akanitazama juu mpaka chini.

"Yustina," akasema, "hesabu wewe ulifeli, mimi nilifaulu. Tutakaa dawati moja. Ila usiniangalizie."

Bwana asifiwe sana!