Mzee Sikio na Valvu ya Mtaa wa Juu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya maji, fundi bomba tunayemwita Mzee Sikio atarudisha stoo ufunguo wake wa valvu na kustaafu.

Jina hilo alilipata kwa kazi. Huweka ncha moja ya ufito wa chuma juu ya bomba, nyingine sikioni, akatambua mvujo uliojificha chini ya lami. Katika kikao kimoja alitua kikombe chake cha chai, akainamisha kichwa, akamwambia mkuu wa idara: "Bosi, choo chako kinalia tangu asubuhi, na wewe umekaa tu kama si mzazi wake." Tulicheka. Kilikuwa kinalia kweli.

Ni yeye aliyeanzisha tamasha la shule la kuhifadhi maji. Kila shule hutega chupa chini ya koki yake mbovu kuliko zote, kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kisha watoto huileta uwanjani. Yenye maji machache hushinda. Mwaka wa kwanza shule moja ilileta chupa kavu kabisa. Alikwenda kuangalia, akakuta walimu wamefunga maji ya shule nzima. Aliwashusha hadi nafasi ya mwisho. "Kufunga si kuhifadhi, mwalimu," alisema, na watoto wakawa wanairudia kauli hiyo kwa kelele.

Ningeweza kuishia hapo, na maandishi haya ya kumuaga yangependeza zaidi.

Miaka tisa iliyopita, siku ya tamasha, chemchemi yetu ya maonyesho pale uwanjani ilikosa presha mbele ya wageni. Mimi, katibu wa tamasha, nilimpigia simu nikamwagiza afunge valvu ya mtaa wa juu ili maji yote yaje uwanjani, mpaka nitakapompigia tena. "Katibu, huko juu kuna watu," alisema. Nikamjibu: "Dakika kumi tu, Mzee wangu." Hotuba zilirefuka, zawadi zikaanza kutolewa, nami nikasahau.

Moto ulianzia jikoni kwa bibi mmoja wa mtaa huo, aliyekuwa peke yake nyumbani. Majirani walifungua koki, zikatoa hewa. Mzee Sikio alipouona moshi alifungua valvu bila kungoja simu, lakini maji hayapandi mlima kwa haraka ya mtu. Bibi alifariki. Mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, alikuwa jukwaani akiipokelea shule yake zawadi ya ndoo.

Kamati ya uchunguzi ilimwuliza ni nani aliyemwagiza. Alijibu kwamba mkono uliofunga ni wake. Nilikuwa chumbani humo nikiandika kumbukumbu za kikao, na niliandika hivyo hivyo. Alivuliwa usimamizi wa mafundi, na onyo la uzembe limo katika jalada lake hadi leo.

Nimejiuliza mara nyingi iwapo maji yale yangetosha kuuzima moto. Huenda yasingetosha, lakini nashuku kwamba swali hilo nimelifanya maficho. Wala sijui kama alininyamazia kwa huruma au kwa dharau. Ninachokijua ni kwamba agizo lilikuwa langu, na nimemwandikia mkurugenzi nikiomba onyo hilo lihamishiwe katika jalada langu. Hajajibu.

Tangu mwaka ule Mzee Sikio hajakanyaga uwanja wa tamasha. Kila siku ya tamasha husimama kwenye valvu ya mtaa wa juu, ufunguo mkononi, asije mtu akaifunga. Mjukuu yule, sasa mtu mzima, hupita pale. Humpa shikamoo, naye huitikia. Mjukuu hajawahi kusimama kuzungumza naye.

Mzee wetu, ahsante kwa masikio yako, na kwa ulichokisikia ukakibeba peke yako. Nenda ukapumzike, tunakuombea siku njema na nyumba yenye amani. Ufunguo usiupeleke stoo. Nikabidhi mimi. Tamasha ni mwezi ujao, na pale kwenye valvu nitasimama mimi.