Ragnhild Tofte na Kadi Tano za Kaka Zake

Marehemu Ragnhild Tofte alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika shamba la viazisukari la wazazi wake, Niels na Ebba, hapa Vesterlunde, kisiwani Lolland. Alikuwa kitinda mimba, nyuma ya kaka zake wawili, Aksel na Viggo. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akiwa amechelewa kwenda mahali. Alikula amesimama, alisoma akitembea, na ndani ya kanisa hili mguu wake ulipiga sakafu mpaka mchungaji akapoteza mstari.

Alisoma shule ya kijiji, kisha sekondari mjini Nakskov, alikohitimu mwaka 1970. Alipochaguliwa kusoma hisabati chuo kikuu mjini Aarhus, baba yake alimuuliza, "Hesabu za shamba zote ninazo mimi. Wewe unakwenda kuhesabu nini huko?"

"Nikijua nitakwambia, baba," alijibu, na tayari alikuwa mlangoni.

Alifundisha na kutafiti mjini humo tangu 1981 hadi alipostaafu mwaka 2016. Miaka yote hiyo alihangaika na swali moja: watu wasioaminiana wapateje jibu kwa pamoja, bila yeyote kumwonyesha mwenzake alichonacho? Siku ya kwanza ya muhula aliwataka wanafunzi wapate wastani wa uzito wao bila mtu kutaja kilo zake. Wa kwanza alijumlisha uzito wake na namba aliyoificha moyoni, akamnong'oneza jirani jumla. Kila mmoja akaongeza wake, na mzunguko ulipomrudia wa kwanza, aliitoa ile namba ya siri, akagawanya kwa idadi yao. "Na wewe mwalimu ingia, usituchungulie tu!" walimpigia kelele. "Mtajuta, wastani utapanda," alisema, akaingia.

Tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na Palle Riis, fundi wa kusawazisha sauti za piano, wakajaliwa binti mmoja, Solvej, anayewasomea wasifu huu. Siku ya harusi bibi harusi aliondoka mezani kabla supu haijaisha, akaonekana kwenye ngazi akiandika juu ya kitambaa cha mkono. Palle hakukasirika hata kidogo. Alimpelekea supu.

Sasa tuseme lisilokwepeka, maana kijiji kizima kinalijua. Mwaka 2001 kaka zake waligombana juu ya mtaro wa maji uliopo mpakani mwa mashamba yao. Aksel alidai Viggo ameuziba makusudi. Mazao yake yalioza, na tangu hapo hawakusemezana. Ragnhild hakuweza kulivumilia. Mwaka 2008, katika siku yake ya kuzaliwa, kati ya bendera ndogo na maandazi ya siagi, aliweka mezani kadi tano: nyekundu tatu na nyeusi mbili. Kila kaka alipewa moja ya kila rangi, na nyekundu iliyobaki ililazwa katikati. Kila mmoja alilaza zake upande wake, kifudifudi: nyekundu ikiwa upande wa mkono alioelekezwa na Ragnhild ni ndiyo, nataka tupatane, upande wa mkono mwingine ni hapana. Kadi zilikusanywa kwa mpangilio huo, zikakatwa kama karata, za juu zikipelekwa chini, mpaka hakuna aliyejua zimeanzia wapi, kisha zikapangwa duara na kufunuliwa. Nyekundu tatu zikifuatana, wote wametaka. Zisipofuatana, anayekataa hatajua kama mwenzake alimtaka. Hakuna anayeaibika.

"Wajaribu kwanza hadharani, kadi zikiwa wazi, mke wangu," Palle alishauri.

"Wakijaribu hadharani watasomana nyuso," alikataa.

Zilifunuliwa kila mwaka, mara kumi na moja, na hazikufuatana. Kila mwaka Viggo aliagiza, "Ragnhild, mwambie kaka yako asogeze siagi," na siagi ilisogezwa bila neno. Palle alifariki mwaka 2011 bila kuona mabadiliko yoyote.

Novemba 2018 Ragnhild aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alijua Machi hataifikia, hivyo aliwaita kaka zake Aarhus Jumapili, tarehe 17 Februari 2019. Walifika kwa magari mawili. Sauti yake ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Solvej ndiye aliyeeleza mchezo: nyekundu ikiwa karibu na ile ya katikati ni ndiyo, ikiwa mbali ni hapana.

"Kulia, unamaanisha," Viggo alisema.

"Kwako wewe kulia ndiko mbali, mjomba."

Viggo alizilaza kadi mezani. "Mimi nimekuwa nikiweka kulia."

Aksel akamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minane. "Mwaka gani?"

"Yote! Nilitaka tupatane, nikajua wewe ndiye mwenye kiburi."

"Na mimi niliweka ndiyo miaka yote, mjinga wewe! Kila mwaka nilijua umenikataa, na mwaka uliofuata naweka tena."

Mwaka ule wa 2008 Ragnhild alikuwa amekaa mkabala na Viggo alipomwelekeza aweke kulia. Kulia kwake yeye kulikuwa kushoto kwa kaka yake. Na kwa kuwa siri ya kila mmoja ilitunzwa vizuri mno, kosa nalo lilitunzwa. Miaka kumi na moja. Inauma, na hatutasema haiumi.

"Kosa langu," alinong'ona, akajaribu kushuka kitandani.

"Yamekwisha, dada," Viggo alimsihi.

"Maneno kila mtu anayo. Wekeni kadi."

Waliweka. Solvej alizikata, akazifunua: nyekundu tatu zikifuatana. "Tena," Ragnhild alidai. Akadai zirudiwe, mara moja kwa kila mwaka uliopotea, akihesabu kwa vidole, mguu ukicheza chini ya shuka. Ndugu hao wawili walizilaza bila kubishana, machozi yakiwadondokea kwenye kadi. Zilipofunuliwa mara ya kumi na moja, mguu ulitulia. Alikuwa amelala.

Alifariki Alhamisi, tarehe 21 Februari 2019, saa moja asubuhi.

Ameacha binti yake Solvej, mkwe wake Troels, mjukuu wake Asta, na kaka zake Aksel na Viggo, waliofika leo kwa gari moja na watakaoshika kamba za jeneza, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Apumzike kwa amani. Na kama hajui namna, afundishwe na mtu aliyekaa upande wake.