Jibu Nililompa Koinet

Sikilizeni, wanangu, Ezra, Resian na wewe Naisenya. Niinueni kidogo kwa mto, maana moyo wangu umechoka na maneno haya sijawahi kuyasema. Ya mali ni mafupi: shamba la Oltepesi ni lenu watatu sawasawa, wasichana wasirukwe, na boma hili la Kitengela lisiuzwe, hata madalali wakija na tabasamu la namna gani. Lililobaki ni kosa langu.

Mwezi wa tatu mwaka wa 2021, mama yenu Namunyak alitokwa na uvimbe shingoni, juu ya mfupa wa bega la kushoto, mdogo kama punje ya mahindi, nikampeleka kliniki kwa Koinet, tabibu wetu wa hapa. Mimi na baba yake tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo kwa mila yetu Koinet ni mwanangu, na mambo ya mwili wa mama hayatajwi mbele ya mwana. Yeye aliyataja. Aliangalia chini, akauliza, "Yeyo, mama yangu, kuna damu inayokutoka isiyo ya mwezi?"

Mama yenu akaniangalia. Wiki tatu nyuma alikuwa ameniambia kwamba inamtoka, nami nikasema ni umri. Nikajibu mimi: "Hapana. Hakuna kitu kama hicho."

Koinet akaandika. Uvimbe shingoni, kukonda, homa za jioni. Kwa jibu lile, TB ya tezi ndiyo iliyokuwa karibu, naye akamtibu hiyo miezi sita. Uvimbe haukusikia dawa. Kule Nairobi walikata kipande cha uvimbe, wakakipima maabara, wakatuambia ni kansa ya mlango wa uzazi. Daktari mmoja wa kike alinieleza kwamba mara nyingi hiyo hutambaa kwa viungo vya jirani kwanza, lakini mara chache hupanda kwa njia ya tezi ikatokea mbali, mahali ambapo hakuna anayefikiria tumbo la chini, na ndiyo sababu mwanamke mwenye uvimbe wa shingo huulizwa habari za damu. Akataka kujua kama kuna aliyeuliza. Nikamuuliza bei ya dawa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini kilio kilipokuja, mimi nilikielekeza kwa mwingine. Mlisema Koinet amemuua mama yenu kwa ujinga, na wewe Ezra ulimfokea mbele ya kanisa zima, nami sikukuzuia. Siku ya mazishi aliniinamishia kichwa nimguse, kama mtoto anavyomsalimu mzee, na mkono wangu ukabaki kwenye fimbo. Akahamia Namanga. Hakujitetea, maana heshima ile ile niliyojifichia ndiyo iliyomzuia kuniita mwongo.

Naisenya, fungua sanduku la bati. Hicho ni kitabu cha kliniki cha mama yenu, kile nilichosema kilipotea. Soma ukurasa wa pili, kwa sauti, wote wasikie.

Ndiyo. "Damu: hapana. Amejibu mume." Maneno hayo yangemsafisha Koinet, nami nimeyalalia miaka yote hii.

Sasa shikeni haya. Mtamba wa kahawia, wa uzao wa ng'ombe wa mama yenu, ni wa Koinet. Ezra, utamwomba msamaha pale pale kanisani ulipomfokea, na ukisema sababu, utaje jina langu. Resian, Naisenya, mwende mkapimwe kansa hiyo mwezi huu, kabla hamjaona dalili yoyote, na mkiulizwa mjibu wenyewe, hata daktari akiwa mwana wa nani. Ezra, mke wako akiulizwa, wewe toka nje.

Enkai, Mungu wetu, awape mvua na majani. Awape watoto watakaowazika. Awape... ngojeni nipumue. Awape midomo isiyofanana na wangu.

Nani huyo mlangoni? Ni yeye. Nilimpigia jana, sikujua kama angekuja. Ezra, mpishe.

Karibu, mwanangu. Sogea zaidi, mkono haufiki. Leta kichwa.